Gitaa Lililotundikwa Pamoja na Mbegu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu si ya jogoo wala ya kengele ya shamba. Ni sauti ya waya mmoja mnene wa gitaa, siku ile mjomba wangu Shiundu alipoupiga kwa kidole gumba, akiwa ameketi juu ya debe nje ya nyumba yetu kule Rongai. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, na kuku walikuwa wameshatoka kuchakura matope. Aliupiga mara moja tu, kisha akanyamaza na kuinamisha sikio. Sauti ikatoka tumboni mwa gitaa, nzito na tamu kama uji wa wimbi unapoanza kuchemka, ikaingia miguuni mwangu kupitia udongo, ikakaa hewani muda mrefu hata nikadhani kuna gitaa jingine linaijibu kutoka upande wa mlima Menengai. Nilikuwa na miaka kama kumi. Nilikuwa nimetoka mtoni na debe la maji kichwani, na nilisimama hapo nikisikiliza mpaka mama akaniuliza kama nimegeuka kuwa mti. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimebeba maji.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la Mzungu mmoja, nyumba za duara zilizopangwa mstari kando ya barabara ya trekta. Baba yangu, Zakaria, ndiye aliyeendesha hilo trekta. Mbele yetu yalikuwa mahindi, na nyuma yetu mahindi, na wakati wa mavuno magunia yalipelekwa stesheni ya Rongai yakiwa yamerundikwa kama vilima. Jirani yetu wa mlango kwa mlango alikuwa Mama Wanjiru, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na ulimi usiolala, ambaye ndiye aliyemfundisha mama yangu kupanda viazi vya huko. Mama yangu jina lake ni Tabitha. Yeye na Shiundu walifiwa na wazazi wakiwa wadogo kule kwetu magharibi, na mama ndiye aliyemlea huyo ndugu yake, akambeba mgongoni ilhali yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa. Kwa hiyo Shiundu alipokuja kutuamkia, hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa nyumbani, tena yule anayeongezewa mboga bila kuomba.

Gitaa lake alilipata Njoro, alikokuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu, mzee, mjane. Yule mama alipoamua kurudi kwao alimwambia Shiundu achague kitu kimoja ndani ya nyumba. Wenzake walidhani atachagua koti au kitanda cha chuma. Alichagua gitaa la marehemu mume wa yule mama, na watu wa jikoni walimcheka mwezi mzima. Magitaa mengine niliyokuwa nimeyaona pale kambini yalitengenezwa kwa mbao za masanduku ya chai, na sauti yao ilikuwa kama ya debe lenye kokoto. Hili lilikuwa kitu kingine. Uso wake ulikuwa wa mbao nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya asali, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa nyekundu inayoelekea weusi, na ndani ya wekundu huo mlipita mistari myeusi kama moshi uliokatazwa kutoka. Mjomba alisema mbao hiyo inaitwa rozwudi. Nilipenda kulitamka neno hilo nikiwa peke yangu shambani. Sikujua maana yake, na sikuona haja ya kujua.

Wengine walikwangua nyuzi zote kwa pamoja, kwaa, kwaa, kama mtu anayefukuza ndege. Mjomba alipiga kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, hatua baada ya hatua, kama mzee anayekwenda sokoni asiye na haraka. Kidole cha shahada kilikuwa mjukuu wa huyo mzee, kinamzunguka, kinakimbia mbele, kinarudi, kinauliza maswali. Ukifumba macho ungeapa kwamba wapigaji ni wawili. Na hapo ndipo nilipoijua kazi ya ile mbao nyekundu. Kila waya ulisikika peke yake. Ule mnene haukumfunika mwembamba, na mwembamba hakupiga kelele ili asikike. Kila mmoja alipewa nafasi yake, akamaliza maneno yake. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto watano katika chumba kimoja, na sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kumaliza maneno yake.

Kazi yangu mimi ilikuwa chupa. Kwenye muziki wa namna ile lazima pawe na mtu wa kukwaruza chupa ya soda yenye mistari kwa msumari, chakacha, chakacha, ili kidole gumba kisipotee njia. Nilikwaruza vizuri, na mjomba alinisifu. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye chupa. Siku moja nilimwambia kwamba nataka kupiga gitaa lenyewe. Mama Wanjiru alikuwa ameketi karibu akichambua maharage, akacheka mpaka maharage mengine yakamwagika. "Wewe Rispa," aliniambia, "ukishika hilo gitaa, maji atachota nani? Gitaa?" Wote wakacheka, hata mimi nikacheka, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kama homa, unakipata tu. Lakini mjomba hakucheka sana. Aliutazama mkono wangu, akaupima juu ya shingo ya gitaa, akasema, "Bado ni mdogo. Tutaona."

Hilo neno tutaona nililala nalo kama blanketi.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimeanza kukaza pale mjomba alipopata kazi ya utingo kwenye lori lililokuwa likipanda na kushuka mteremko wa Mai Mahiu. Kazi ilikuwa nzuri, lakini utingo hukaa juu ya mizigo, akinyeshewa na kupigwa na vumbi, na gitaa halingeweza maisha hayo. Alilileta kwa mama likiwa limefungwa kwa gunia safi. "Dada, niwekee," alisema. "Nitarudi mahindi yakipukuchuliwa." Kisha akageuka kwangu, na hili sikulitegemea kabisa. "Rispa, hili gitaa likinyamaza muda mrefu linasahau. Mbao inalala. Kila siku liamshe. Kidole gumba tu, waya mnene, halafu wa pili, halafu urudi. Nikija nikikuta halijasahau, nitakufundisha." Mama akamwuliza kama ana akili timamu, kumwachia mtoto kitu kama hicho. Mjomba akasema, "Mimi mwenyewe niliachiwa mtoto," na mama akalipokea gitaa, kwa maana ndivyo dunia ilivyomfanyia yeye.

Basi kila siku, baada ya kuosha vyombo, nilikaa juu ya lile debe, nikalipakata gitaa lililokuwa karibu kunizidi ukubwa, nikaliamsha. Waya mnene, wa pili, kurudi. Nililaza shavu langu kwenye ubavu wake mwekundu ili nisikie mtetemo ukipita mfupani. Nilijiona nikiwa mtu mzima mwenye viatu, nimeketi kwenye kiti chenye mgongo, watu wamenyamaza. Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye trekta ananikuta hapo, anavua buti zake polepole zaidi kuliko kawaida. Mtu asiyetaka kusikiliza huvua buti haraka.

Kisha wakaja wadudu. Ilianza kwa Mama Wanjiru: mahindi yake ya akiba yaligeuka unga ndani ya gunia, fukusi wameyala yote wakaacha maganda. Halafu mama akaona vumbi jepesi chini ya mguu wa kitanda chetu, akasaga meno. Gitaa lilikaa chini ya kitanda hicho. Sasa, kwetu na kwa Mama Wanjiru vilevile, kitu usichotaka kiliwe na wadudu kina mahali pake pamoja tu, nacho ni uchanja ulio juu ya moto. Hapo ndipo mbegu za msimu ujao hutundikwa zikiwa bado kwenye magunzi, moshi unazipaka masizi, na hakuna mdudu anayezigusa. Mama alichukua gitaa, akalifunga kamba shingoni kwa uangalifu kama anayemfunga mtoto kofia, akalitundika katikati ya mbegu zake bora. Nilipouliza nitaliamshaje, akasema, "Likiliwa utaamsha nini? Acha kwanza wadudu wapite." Mkono wangu haukufika juu. Mvua haikukatika, kwa hiyo moto haukuzimwa. Nilipika ugali nikilitazama likigeuka jeusi juu yangu, na nilijiambia kwamba mama anajua, kwa sababu mbegu hazikuwa zimewahi kumwaibisha.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, dereva mmoja alileta salamu stesheni kwamba Shiundu yuko njiani baada ya wiki chache. Mama aliliteremsha gitaa ili alioshe. Alilipangusa kwa kitambaa, masizi yakatoka, na chini ya masizi tukaona. Kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi pale tumboni kilikuwa kimebanduka kama ukucha. Na mgongoni, katikati ya ile rozwudi, palikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha ukingo wa kisu. Nilipiga waya mnene. Ulilia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Mama aliketi chini, pale pale kwenye majivu, na nguo yake ya kanisani. Shiundu hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba. Alikuwa na dada mmoja na gitaa moja, na sasa dada alikuwa amelivunja gitaa. "Nilitaka kulitunza," aliniambia mimi, mtoto wa miaka kumi, kana kwamba mimi ndiye wa kumsamehe. Nilimshika shingo, nikalia kwa ajili yake na kwa ajili ya ile ahadi yangu, vyote pamoja, nisijue machozi gani ni ya nani.

Baba ndiye aliyesema kwamba Nakuru, mtaa wa Bondeni, kuna fundi wa asili ya pwani anayetengeneza milango na pia ala za watu wa harusi. Asubuhi iliyofuata mama alilifunga gitaa mgongoni kwa leso, akaifunika na shingo yake kwa shuka ili lisipate vumbi. Kwenye treni akina mama walisogea wampe nafasi. Mmoja akamwuliza mtoto ana miezi mingapi. Mama, ambaye hajui kusema uongo, akajibu, "Huyu ni wa ndugu yangu." Yule mwanamke akaegemea achungulie, akaona misumari ya kukazia nyuzi, akarudi nyuma taratibu na kutazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Nilicheka ndani ya kiganja. Nilipomtazama mama nikaona naye mabega yanatikisika, na nikajua kwamba hatujafa.

Fundi aliitwa Mzee Faraji, mwembamba, kofia yake imejaa unga wa mbao. "Karibu, mama. Mwana anaumwa nini?" aliuliza kabla hajatazama. Mama alilifungua. "Loo," akasema fundi, "huyu kazaliwa na shingo ndefu." Aligonga mgongo wa gitaa kwa kifundo cha kidole, akalinusa tundu lake, akatutazama mmoja mmoja. "Mmechomea nyama juu yake?"

"Nililitundika juu ya moto," mama alisema. "Pamoja na mbegu. Wadudu walikuwa wameingia nyumbani."

Nilidhani atacheka, maana alikuwa na uso wa mtu anayetafuta cha kuchekea. Hakucheka. Alisema moshi umewafukuza wadudu kweli, hakuna hata kitundu kimoja, lakini joto limekausha gundi na kuinyonya mbao maji yake. Kisha akachukua kisu kidogo, akakwangua ukingo wa ufa, akaniita. "Binti, njoo unuse." Niliinama. Chini ya harufu ya moshi ilitoka harufu nyingine, tamu, kama sukari guru iliyowekwa karibu na maua ya waridi ya bustani ya Mzungu. Mbao ile ilikuwa imekatwa nchi nisiyoijua kabla sijazaliwa, imepita bahari, imekaa jikoni kwetu miezi na miezi, na bado ilikuwa imehifadhi harufu yake ndani. "Huyu ni ndugu wa mpingo," Mzee Faraji alisema. "Ana roho ngumu. Atapona. Ila kovu litabaki, mama, nisikudanganye. Na mkimchukua, mwekeeni kitambaa kibichi ndani ya kikopo, hapa tumboni, anywe kidogo kidogo. Wala msimrudishe kwa mbegu." Mama alimwachia kuku wawili, na safari ya kurudi leso yake ilikuwa tupu, akaishikilia kifuani njia nzima.

Tulilichukua kabla mahindi hayajamalizwa kupukuchuliwa. Nikaanza tena kuliamsha kila siku, na kila siku mama alisimama mlangoni akisikiliza, ananiuliza, "Ni ile ile?" Nami nasema, "Karibu, mama. Imekaribia."

Mjomba alifika siku ya Jumamosi mchana, mwekundu kwa vumbi la Mai Mahiu, na zawadi ya mkate. Alikula, akanawa, akaomba gitaa lake. Watu wa kambi walikuwa wamekusanyika nje, na Mama Wanjiru alikuwa amejiletea kigoda chake. Alipiga nyuzi chache, akaacha. Akalileta puani. "Dada," alisema, "hili gitaa linanuka jikoni." Baba akakohoa. Mjomba akaligeuza, akaliona kovu, akalipitishia kidole kutoka juu mpaka chini.

"Shiundu, ni mimi," mama alisema. Alisimama kama anayesimama mbele ya wazee. "Nililiweka juu ya moto na mbegu zangu. Fundi amelitengeneza, lakini ni mimi."

"Na mbegu gani?"

"Za mahindi. Zile nilizochagua mwenyewe. Hapo ndipo naweka kitu nisichotaka kipotee. Sina mahali pengine."

Nilikuwa nimeishika chupa yangu kwa nguvu mpaka mistari yake ikajichora kiganjani. Kisha mjomba akasema, "Nashangaa mimi hukunitundika."

"Nilijaribu," mama akajibu, machozi yamemlenga. "Ulikuwa unarusha miguu."

Mama Wanjiru ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na kambi nzima, na katikati ya kicheko hicho mjomba akapiga ule waya mnene. Ulitoka. Haikuwa sauti ile ile ya siku ya mvua. Ilikuwa na kitu kidogo cha ukavu ndani yake, kama sauti ya mtu aliyeugua akapona, na mimi niliipenda zaidi. Mjomba aliinamisha sikio, akaupiga tena, na wa pili, akarudi. "Halijasahau," akasema, akiwa ananitazama. "Sasa gitaa lililokaa na mbegu ni la kupandwa. Rispa, weka chupa chini."

"Na maji?" akauliza Mama Wanjiru.

"Maji yatachotwa," akasema baba, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile.

Vidole vyangu havikufika kwenye vyuma vya mwanzo, vile vinavyoigawa shingo kwa upana, kwa sababu huko vimeachana sana. Mjomba akatoa kipande cha penseli mfukoni, akakilaza juu ya nyuzi katikati ya shingo, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Sauti ikapanda, vyuma vikawa karibukaribu, na gitaa likawa dogo kama mimi. Hapo ndipo nilipojifunzia. Kidole gumba changu kilijikwaa wiki nyingi kama mzee mlevi, na mjukuu wake alimkanyaga kila hatua, lakini kabla mbegu za mama hazijaingia ardhini nilikuwa napiga wimbo mzima, na aliyenikwaruzia chupa alikuwa Mama Wanjiru.

Sasa mimi ni fundi wa cherehani hapa mjini Nakuru, nakaa chumba kimoja na mwenzangu Bondeni, si mbali na karakana ya Mzee Faraji. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini mkono wangu unajua kufuata mstari. Nyumba ya Mama Wanjiru kule kambini ilifungwa miaka ile ya Hali ya Hatari, ya vita vya kudai uhuru. Yeye na watu wa kabila lake walipakiwa kwenye lori la serikali na kupelekwa tusikokujua, na mpaka leo nikisikia kicheko kikubwa sokoni nageuka. Natumaini nitageuka siku moja nimwone. Mjomba ameoa, amerudi nyumbani kulima, akaniachia gitaa kwa maneno yale yale: lisisahau. Mjini kuna santuri kila hoteli, na vijana wanazungumza juu ya magitaa ya umeme yanayosikika mtaa mzima. Siyaonei wivu. Nayasubiri, hata. Lakini niliyoyapata Rongai, kwamba waya mnene na waya mwembamba wanaweza kusema pamoja bila mmoja kumnyamazisha mwingine, sijayaona yakipitwa na jambo lolote jipya, na nina ndoto kwamba nchi yetu nayo inakaribia kujifunza kupiga hivyo.

Jumapili iliyopita mwenzangu wa chumba alikwenda kanisani, mimi nikabaki na mafua. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nililowesha kitambaa, nikakikamua, nikakitia katika kikopo chake tumboni mwa gitaa. Nilipotaka kuanza kupiga nikaona ile penseli bado iko shingoni, mahali pake pa siku zote. Mkono wangu ulishakua zamani. Nilikuwa nimezoea tu. Nikaufungua ule ukanda wa mpira, nikaiweka penseli dirishani, nikanyoosha vidole mpaka kwenye vyuma vya mwanzo kabisa. Vikafika. Nikapiga waya mnene mara moja, nikainamisha sikio, nikaungoja mpaka umalize.